Mjomba, Kwa Nini Dallas Ilimtoa Luka?

Swali hili nimeulizwa na watoto wengi, na kila anayeniuliza hunifurahisha, kwa sababu hata watu wazima wenye ndevu limewashinda. Mashabiki wa Dallas walibishana huku wakilia. Wa Los Angeles walibishana huku wakicheka. Wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao timu hizo mbili zote si zao, walibishana mpaka chai ikapoa. "Mjomba, kwa nini Dallas ilimtoa Luka Dončić ikamchukua Anthony Davis? Ilikuwa biashara ya akili?"

Sogeeni basi, wapwa zangu. Leo sianzi mimi kusimulia. Namwachia mmoja aliyekuwapo. Ni mviringo, ana rangi ya chungwa, na hapendelei timu yoyote, maana timu zote humbamiza chini.

"Mimi ni mpira," anasema. "Mimi ni mpira wa kikapu, na nilikuwa nakaa Dallas, jimbo la Texas, kule Marekani. Nilikuwa na kijana wangu. Alitoka mbali, Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia. Akiwa na miaka 13 aliaga nyumbani, akaenda Hispania kulelewa na Real Madrid. Ndiyo, Real Madrid hiyo hiyo mnayoijua. Kumbe ina timu ya kikapu pia! Mwaka 2018 akafika Dallas. Jina lake Luka. Mgongoni namba 77.

"Luka alinipenda, jamani. Alinidunda polepole, hana haraka na mtu. Anakwenda kushoto. Anasimama ghafla. Anaruka nyuma. Mlinzi anabaki ameshika hewa, na mimi niko angani. Chwaa! Nyavuni. Msimu wa 2023/24 alifunga wastani wa pointi 33.9 kwa mechi, na ligi nzima hakuna aliyemfikia. Tarehe 26 Januari 2024, kule Atlanta, alifunga pointi 73 katika mechi moja. Sabini na tatu! Nyavu zilichoka. Mimi nilichoka. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Lakini mimi ni mpira, sijui kuficha. Luka hakupenda kulinda. Akinyang'anywa mimi, mara nyingi ungemkuta amemgeukia refa, mikono juu, analalamika kwamba amechezewa rafu. Anapomaliza kulalamika, mimi nimeshafika upande wa pili na kikapu kimeshaingia. Juni 2024 Dallas ilifika fainali, ikakutana na Boston Celtics. Mechi ya tatu, zimebaki dakika nne na sekunde kumi na mbili, Luka akapigiwa filimbi ya faulo ya sita. NBA ukifikisha faulo sita, unakwenda kukaa benchi na mchezo kwako umekwisha. Akakaa. Boston wakashinda mechi ile, na ubingwa wakabeba kwa mechi nne kwa moja.

"Na Davis? Davis nilikuwa nakutana naye timu yake ya Los Angeles Lakers inapokuja kwetu. Mrefu, mita 2 na sentimita 8, na mikono yake hata haina mwisho. Davis hanidundi sana. Yeye hunisubiri juu. Mtu akinirusha kuelekea kikapuni nikidhani nimefika, mkono unatokea sijui wapi, pa! Narudi nilikotoka. Mwaka 2020 alichukua ubingwa na Lakers, yeye na LeBron James. Tatizo lake ni moja tu: anaumia. Anapona, anaumia tena. Hata usiku ule wa mkasa alikuwa nje, msuli wa tumbo umevutika. Na Luka naye alikuwa nje, shavu la mguu linamsumbua tangu siku ya Krismasi. Kwa hiyo usiku ule, kati yao wawili, hakuna hata mmoja aliyenishika."

Ahsante, mpira. Pumzika kidogo.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025. Kule Dallas ilikuwa inakaribia saa sita ya usiku. Huku kwetu ilikuwa tayari Jumapili, saa mbili ya asubuhi imepita kidogo, watu wanapanga foleni ya vitumbua. Mwandishi wa habari za kikapu, Shams Charania, akaandika mtandaoni: Luka anakwenda Lakers, Davis anakwenda Dallas.

Watu walifanya nini? Walicheka. Wakasema akaunti ya maskini huyu imeingiliwa na wezi. LeBron mwenyewe, aliyekuwa New York ametoka kuifunga Knicks, alidhani ni uongo. Ikabidi Charania aandike tena kwamba ni kweli. Hapo vicheko vikakatika.

Mapatano yalikuwa hivi. Lakers walimpata Luka, pamoja na Maxi Kleber na Markieff Morris. Dallas walimpata Davis, pamoja na kijana Max Christie, na zamu moja ya kuchagua mchezaji mpya mwaka 2029. Utah Jazz nao waliingia katikati wakatoka na chao kidogo, lakini hao tuwaache. Walikuja kusaidia hesabu zikae sawa.

"Mjomba, Luka alikubali?"

Swali zuri sana! Hakuulizwa. Wala Davis hakuulizwa. Najua mmezoea mpira wa miguu. Simba ikimtaka mchezaji wa timu nyingine, inatoa pesa, na mchezaji mwenyewe lazima akubali na kutia saini. NBA siyo hivyo. Timu mbili zinabadilishana wachezaji, na mchezaji anapigiwa simu kuambiwa begi lake linakwenda wapi. Mkataba wake unahama naye. Wachache sana wana kipengele cha kukataa. Luka alikuwa anajiandaa kulala. Alishaamini kwamba atacheza Dallas maisha yake yote, kama Dirk Nowitzki aliyecheza misimu 21 pale pale mpaka akajengewa sanamu nje ya uwanja.

"Na zamu ya kuchagua ni nini?"

Ninyi leo mna maswali ya maana. Kila mwaka, mwezi wa Juni, timu za NBA hukaa na kuchagua vijana wapya, moja baada ya nyingine. Timu zilizofanya vibaya ndizo zinazotangulizwa mbele, ili nazo zipate nguvu. Sasa timu inaruhusiwa kuitoa zamu yake, hata ya miaka kadhaa ijayo, katika mabadilishano. Inampa mwenzake haki ya kuchagua mtu ambaye bado hajulikani ni nani. Kwa hiyo Dallas walipokea mtu wa 2029. Shikeni hapo, tutarudi.

Sasa tuingie kwenye ubishi wenyewe. Walioitetea Dallas walikuwa na hoja, na tusiwacheke kabla hatujawasikia.

Meneja mkuu wa Dallas aliitwa Nico Harrison. Alisema anaamini ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Aliiona fainali ya Boston kwa macho yake. Aliona jinsi wapinzani walivyomtafuta Luka kwa makusudi, kila wakishambulia wanampitia yeye. Akasema, mimi nataka ukuta. Na Davis ni ukuta. Tena ni ukuta unaofunga: msimu ule pale Lakers alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 25 na ribaundi karibu 12 kwa mechi. Wenzake wakubwa pale Dallas walikuwa watu wazima. Kyrie Irving alikuwa na miaka 32, Klay Thompson anakaribia 35. Meneja akawaza, tukisubiri tutazeeka. Tushinde sasa.

Halafu kulikuwa na pesa. Hapa ngojeni niwaandalie kitu.

Fikirieni sinia la pilau. Nyumba ina watu kumi na tano na sinia ni moja. Ligi ndiyo inayopima ukubwa wa sinia, na inapima sawa kwa kila nyumba. Msimu wa 2024/25 sinia lilikuwa la dola milioni 140 na kidogo. Unaruhusiwa kuongeza wali pembeni, lakini ukizidisha sana unatozwa kodi kubwa, na unabanwa usiweze kualika wageni unaowataka. Sasa wapo walaji wakubwa. Mchezaji aliyepata heshima za juu kabisa anaweza kuahidiwa asilimia 35 ya sinia, peke yake. Theluthi nzima na tonge juu! Luka alikuwa amefikia heshima hiyo. Mwaka ule, majira ya joto, angeweza kusaini na Dallas mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 345. Lakini ni Dallas tu iliyokuwa na haki ya kumpa mkataba huo. Akihama nyumba, ile haki inabaki mlangoni.

Harrison akawa na wasiwasi. Je, nimpe theluthi ya sinia kijana ambaye mwili wake unanipa mashaka, asiyejitunza ninavyotaka? Akisaini, nimefungwa naye miaka mitano. Afadhali nimtoe sasa.

"Kwa hiyo Davis alikuwa anakula kidogo, Mjomba?"

Hapana, ndiyo maana nakupenda wewe. Msimu ule wote wawili walikuwa wanakula karibu sawa, takriban dola milioni 43 kila mmoja. Timu iliyokwisha jaza sinia inatakiwa kupokea mlaji anayekaribiana na yule anayemtoa. Ndiyo maana wawili hawa waliweza kupishana mlangoni bila hesabu kuvurugika. Ila mshahara wa Luka ungepanda sana akisaini ule mkataba mkubwa.

Haya. Hizo ndizo hoja za kutetea. Ni hoja za mtu aliyefikiri.

Mashabiki wa Dallas hawakutaka kuzisikia. Walikwenda uwanjani asubuhi, siku isiyo na mechi pale. Waliweka maua na jezi namba 77 chini ya sanamu ya Dirk. Wengine walileta jeneza. Jeneza kabisa! Walikuwa wanazika timu yao. Na kwa miezi mingi baadaye, katikati ya mechi, mchezaji anakwenda kupiga mpira wa adhabu, uwanja unanyamaza, halafu unasikia wanaimba kwa pamoja kwamba Nico afukuzwe.

Walikuwa na hasira, sawa. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hesabu, na hesabu yao ilikuwa kali.

Walihesabu umri. Luka alikuwa na miaka 25. Davis alikuwa na miaka 31, anakwenda 32. Mchezaji wa kikapu hufika kileleni akiwa na miaka ishirini na saba, ishirini na nane hivi. Kwa hiyo mmoja alikuwa anapanda ngazi na mwingine ameanza kuitafuta ya kushukia. Walihesabu heshima. Luka alikuwa amechaguliwa kwenye kikosi bora cha kwanza cha NBA mara tano mfululizo. Walihesabu fainali: ni miezi minane tu imepita tangu awafikishe pale.

Halafu walihesabu zamu. Na hapa ndipo mimi mjomba wenu nilipokubaliana nao, nikakaa upande wao mpaka leo.

Majira ya joto ya mwaka 2024, New York Knicks walimtaka Mikal Bridges wa Brooklyn Nets. Bridges ni mchezaji mzuri, mchapakazi, lakini alikuwa hajawahi hata mara moja kuitwa kwenye mechi ya nyota wa NBA. Knicks walitoa zamu tano za raundi ya kwanza. Tano! Dallas walimtoa Luka wakapata Davis, Christie, na zamu moja. Moja!

"Mjomba, kwa nini hawakuomba zaidi?"

Kwa sababu hawakutaka ijulikane. Harrison na meneja wa Lakers, Rob Pelinka, wanafahamiana tangu zamani, enzi za Kobe Bryant. Pelinka alikuwa wakala wa Kobe, na Harrison alikuwa katika kampuni ya viatu ya Nike. Januari walikutana Dallas wakanywa kahawa, wakaanza kuzungumza. Wakazungumza kwa siri karibu mwezi mzima. Harrison alimtaka Davis, na Davis yuko Lakers, basi akaenda Lakers. Hakutangaza kwa ligi nzima kwamba Luka anapatikana ili timu zishindane kwa kuongeza dau. Aliogopa kelele. Kelele alizipata vile vile, ila zile zamu za ziada hakuzipata.

Kumbukeni, basi, kwamba hapa kuna maswali mawili ndani ya moja, na mashabiki walikuwa wanayachanganya. La kwanza: je, ilikuwa akili kumtoa Luka? Hapo watu wazima wenye busara wanaweza kukaa usiku kucha bila kukubaliana. La pili: ukishaamua kumtoa, je, ulipata thamani yake? Hapo mimi sioni ubishi. Anayemtetea Harrison hujibu la kwanza. Anayemlaumu hujibu la pili. Halafu kila mmoja anamwona mwenzake mjinga.

Sasa naona mmeanza kusogea karibu, mnataka kujua kilichofuata. Mpira, endelea.

"Mimi ni mpira," anasema. "Wiki moja baadaye, tarehe 8 Februari, Davis alinishika kwa mara ya kwanza akiwa mchezaji wa Dallas, mbele ya Houston Rockets. Lo! Pointi 26, ribaundi 16. Uwanja uliokuwa umenuna ukaanza kupiga makofi. Nikasema moyoni, kumbe Nico alikuwa na akili! Robo ya tatu, Davis akashika kinena. Akatoka nje. Akakaa nje wiki sita. Mwezi Machi, siku ya tatu, Kyrie Irving akatua vibaya, goti likakatika ukano, msimu wake ukaishia pale. Alifunga mipira yake miwili ya adhabu huku machozi yanamtoka. Nilikuwa mkononi mwake, najua.

"Tarehe 9 Aprili Luka akarudi Dallas na jezi ya Lakers. Wakamwonyesha video ya miaka yake saba pale. Akakaa benchi, taulo usoni, analia. Uwanja mzima unalia. Halafu akaamka akafunga pointi 45, na waliokuwa wanamshangilia ni wale anaowafunga. Tangu nizaliwe sijaona kitu cha namna hiyo."

Dallas walimaliza msimu wa mechi 82 wakiwa wameshinda 39 na kupoteza zilizobaki. Toeni wenyewe, mko darasani. Ndiyo, 43. Wakatolewa na Memphis kwenye mchujo wa mwisho wa kuingia mtoano. Lakers nao hawakufika mbali. Minnesota iliwatoa raundi ya kwanza.

"Kwa hiyo, Mjomba, biashara ilikuwa mbaya kwa sababu Davis aliumia?"

Subiri kwanza. Usiku wa tarehe 1 Februari, nani alijua kwamba Kyrie ataumia goti? Hakuna. Nani alijua ni siku gani Davis ataumia? Hakuna. Kwamba Davis huumia mara kwa mara, hilo lilijulikana, na Harrison anastahili kuulizwa. Lakini goti la Kyrie ni bahati mbaya. Usimhukumu mtu kwa kitu ambacho hata wewe ungekuwa pale usingekijua.

Na sikilizeni kioja kilichokuja baadaye, maana bahati ilipinduka.

Timu zisizofika mtoano huingia kwenye bahati nasibu ya kugombea zamu ya kwanza. Wanachukua vipira 14 vidogo, vile vya mezani, ndugu zake mpira wetu, vina namba 1 mpaka 14. Vinazungushwa ndani ya mashine. Vinatoka vinne. Kuna njia 1,001 za kutoka vipira vinne, moja inawekwa kando, na 1,000 zinagawiwa timu 14. Timu mbovu kabisa hupewa njia 140. Dallas walikuwa wamepewa njia ngapi? Kumi na nane. Kati ya elfu! Tarehe 12 Mei 2025 vipira vikatoka, na vikawa vya Dallas. Juni wakamchagua Cooper Flagg, kijana wa miaka 18 kutoka Maine, ambaye kila timu ilikuwa inamwota.

"Ala! Basi Nico alikuwa na akili!"

Nani alijua? Semeni wote. Hakuna! Kama goti la Kyrie halimfanyi Harrison kuwa mpumbavu, basi vipira 14 havimfanyi kuwa mjuzi. Kuna watu wazima, wengine wanalipwa kuzungumza kwenye televisheni, waliosema kwamba Flagg ndiye aliyeifanya biashara ya Luka kuwa nzuri. Mimi siwezi kulikubali hilo. Wenye timu nao, nadhani, hawakulikubali, kwa sababu tarehe 11 Novemba 2025 Harrison alifukuzwa kazi, na Flagg akiwa pale pale uwanjani. Luka alikuwa ameshasaini na Lakers mwezi Agosti: miaka mitatu, dola milioni 165. Ile milioni 345 ilibaki mlangoni, kama nilivyowaambia.

Mnajua kwamba ubishi huu umewahi kumgusa mtoto wa kwetu? Hasheem Thabeet. Mzaliwa wa Dar es Salaam, mita 2 na sentimita 21, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba.

"Mjomba! Kabla ya Curry?"

Kabla ya Curry, na punguzeni sauti. Thabeet hakupata dakika nyingi pale, na Februari 2011 Memphis wakamtoa. Walimpeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na zamu ya raundi ya kwanza, wakamchukua Shane Battier na kijana mmoja, Ish Smith. Battier alikuwa na miaka 32. Mnaona? Wametoa kijana na zamu, wamechukua mtu mzima anayejua kulinda. Ni karibu yale yale ya Dallas. Hapa nyumbani tuliumia, tulitaka wamvumilie.

Lakini Memphis walijua wanachokosa. Walikuwa na timu changa inayokaribia kufika, na katika historia yake ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja ya mtoano. Aprili ile wakakutana na San Antonio Spurs, vinara wa ukanda wa magharibi. Mechi ya kwanza, sekunde ishirini na kitu zimebaki, Battier yule yule akatupa mpira kutoka mbali. Pointi tatu. Memphis wakashinda, na mwishowe wakawatoa Spurs kwa mechi nne kwa mbili. Miezi michache baadaye Battier akaondoka zake kwenda Miami. Safari ile alikaa nao msimu usiotimia. Waulizeni mashabiki wa Memphis kama wanajuta.

Mimi bado nasema walikuwa sahihi, ingawa Thabeet ni wetu. Walimtoa mtu aliyekuwa hachezi, si mtu aliyewabeba mpaka fainali.

"Mjomba, ya Luka basi imekwisha?"

Bado! Nilisema tutarudi kwenye 2029, na wewe umekumbuka, hongera yako. Ile zamu bado haijatumika. Ili kijana achaguliwe mwaka huo anatakiwa awe ametimiza, au awe anatimiza, miaka 19 ndani ya mwaka huo. Kwa hiyo amezaliwa mwaka 2010, au kabla. Sasa hivi yuko shule mahali fulani, pengine amekatazwa na mama yake kudunda mpira sebuleni, na wala hajui kwamba yeye ni malipo ya Luka yaliyobaki.

Na zamu hiyo ni ya Lakers. Lakers wakiwa wazuri mwaka huo, itakuwa zamu ya nyuma, isiyo na thamani kubwa. Wakiwa wabovu, itakuwa ya mbele. Luka atakuwa na miaka 30. Sasa fikirieni, zamu ikiwa bado mikononi mwa Dallas, mashabiki wao watakaa mbele ya televisheni kila usiku msimu mzima wakiomba Luka afungwe.

"Hata wale waliolia, Mjomba?"

Hata wale walioleta jeneza.